Mbona Kwangu Halizimiki?

Hivi inawezekana mtu aseme kweli tupu, bila kuongeza chumvi wala kupunguza, na bado awe ametenda dhuluma? Swali hili ninalo tangu mwaka 2009. Washikaji kijiweni huniambia hilo ni swali la mtu aliyeshiba. Kweli ni kweli, wanasema, ukishaisema umelipa deni lako. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni kipanya kimoja kikuukuu kilichokuwa kikizimika njiani kinapotaka, kisha kikawa kizima kama kipya kila kilipotazamwa.

Kipanya, kwa msomaji aliyezaliwa juzi, ni kile kibasi kidogo kutoka Japani ambacho injini yake iko chini ya siti za mbele, dereva akaikalia kama kuku anayeatamia mayai. Hicho ninachokisema kilikuwa cha baba yangu mdogo. Alikinunua kwa mafao yake ya kustaafu, na kwa kuwa mafao yenyewe yalikuwa madogo, gari nalo lilikuwa zee. Lilifanya safari za Dodoma mjini na Hombolo. Kutoka mjini hadi Ihumwa unakwenda na lami ya barabara kuu ya Morogoro. Pale Ihumwa unakunja kushoto, na miaka ile ukishakunja tu lami inakuaga. Mbele yako ni vumbi jekundu, makorongo, na mikunjo ya barabara iliyopangana kama bati la nyumba. Abiria walikuwa wakulima wa zabibu, akina mama wa samaki wa bwawani, walimu, na wanafunzi wa kulipa nusu nauli.

Dereva alikuwa mtu wa makamo, Mgogo wa huko huko Hombolo. Jina lake siliandiki. Limekwisha kutajwa vya kutosha mahali ambapo mwenyewe hakuwepo. Makubaliano yake na baba mdogo yalikuwa yale ya daladala zote: kila jioni alete hesabu, shilingi 35,000, na kinachobaki baada ya mafuta ni chake na konda wake.

Miezi ya mwanzo hesabu ilitimia. Halafu zikaanza jioni za kuleta 20,000, mara 15,000, na maelezo yakawa yale yale: "Mzee, gari lilinizimikia." Linazimikaje? Ghafla, anasema, kama mtu amelizima kwa mkono. Hakuna kukohoa, hakuna kuruka-ruka, hakuna moshi. Mara nyingine ukiliwasha linawaka hapo hapo, mara nyingine linagoma nusu saa nzima, abiria wanashuka, wanadai nauli zao, wanapanda gari la nyuma. Kisha linawaka lenyewe, kama vile hakijatokea kitu.

Baba mdogo hakuwa mtu wa kukurupuka, nataka hilo lieleweke. Alilipeleka gari gereji. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi na nyaya zake. Akalijaribu hadi Sabasaba na kurudi, gari zima. Baada ya wiki likazimika. Fundi wa pili akasema ni koili, ikishapata joto inakata, na maelezo yake yalikuwa na mantiki, kwa sababu koili iliyochoka hufanya hivyo kweli. Ikanunuliwa koili. Likazimika. Wa tatu akasafisha vichwa vya betri, akabadilisha chujio la mafuta, akafumua na kufunga upya nyaya zilizokuwa zikining'inia. Naye akalijaribu, naye akalikuta zima. Mafundi watatu, malipo matatu, na hakuna hata mmoja aliyeliona likizimika kwa macho yake.

Na baba mdogo mwenyewe je? Kila Jumapili alichukua ufunguo wake wa akiba, akaliendesha gari lile lile, kwa njia ile ile, hadi kwenye shamba lake la zabibu Hombolo, na kurudi. Halikuzimika hata mara moja. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno lake ambalo alilisema mbele ya kila mtu, sebuleni, gereji, hata msibani: "Mbona kwangu halizimiki?"

Hebu jiweke mahali pake. Umetumikia miaka 30, umepewa kiinua mgongo, umekiweka chote kwenye magurudumu manne. Gari likiwa na wewe ni zima. Likiwa na fundi ni zima. Likiwa na mtu fulani, na huyo mtu fulani peke yake, linazimika, na siku linapozimika ndiyo siku pesa inapopungua. Ungefikiri nini? Mjini hapa tunawajua madereva waliosema gari limezimika kumbe walikuwa wamelala mwembeni, au wamelikodisha kubeba mzigo wa harusi. Baba mdogo hakuhitaji roho mbaya ili amshuku mtu yule. Alihitaji kuhesabu tu.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililommaliza dereva. Siku moja, akibanwa aeleze vizuri, alisema: "Mzee, cha ajabu, likizimika, taa zote za dashibodi zinapotea, injini kimya, lakini redio inaendelea kuimba." Baba mdogo alicheka hadi machozi. Gari limekufa umeme, redio inaimba! Mwongo huyu, alisema, hata kutunga hajui. Mimi nilikuwepo, na mimi nilicheka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nina kalamu na daftari na ndoto za kuwa mwandishi. Baba mdogo akaona hapa kuna mtu wa kutumia. Akaniagiza nipande gari kila siku kwa wiki moja, nikae siti ya mbele, niandike kila kitu: safari ngapi, abiria wangapi, mafuta kiasi gani, na kama gari litazimika, wapi na saa ngapi. Ili kusiwe na ujanja wa usiku, akaongeza: "Na ufunguo ukae kwako. Jioni akukabidhi, asubuhi umpe." Nilipomfikishia agizo hilo dereva, aliuchomoa ufunguo wa gari kutoka kwenye mtungo wa funguo zake, akanipa bila neno.

Nilipanda gari siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi. Halikuzimika. Tulipita mikunjo ya Hombolo mpaka meno yakagongana, jua la saa nane likawa kali kiasi kwamba siti ilichoma suruali, tukajaza abiria hadi mlangoni, na injini ikanguruma tu. Hesabu ilitimia siku zote sita. Siku ya nne nilimwona dereva akiisikiliza injini kwa namna ya mtu anayemsubiri mgeni aliyeahidi kuja. Nadhani aliomba Mungu lizimike. Nililiandika hata hilo, kwa maneno ya kejeli, nikijiona mwandishi.

Jumamosi jioni nikampa baba mdogo daftari. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, na chini ya kila tarehe nimeandika: "Halikuzimika." Akasoma, akafunga, akasema, "Unaona? Akiangaliwa, gari zima na hesabu kamili." Dereva akafukuzwa usiku ule ule, pale barazani. Hakubisha sana. Alinigeukia akauliza, "Kijana, umeandika nini?" Nikamwambia, "Nimeandika nilichokiona, mzee." Akatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Basi." Akaondoka.

Msomaji, daftari lile halikuwa na uongo hata wa neno moja.

Likapatikana dereva mwingine, kijana wa jirani aliyekuwa bado anaishi kwa wazazi wake. Miezi miwili gari halikuzimika. Hapo hata mimi nikalala usingizi mzuri, maana ushahidi ulikuwa umekamilika: mtu kaondoka, ugonjwa kaondoka nao. Mwezi wa tatu yule kijana akapanga chumba, akaanza na kibanda cha kuuza vocha za simu. Mwezi huo huo akaja na 20,000. "Baba, gari lilinizimikia." Baba mdogo akasema madereva wote ni wamoja, akaanza kutafuta wa tatu.

Lakini siku chache baadaye nilitumwa Hombolo kufuata zabibu, nikapanda gari hilo kama abiria. Tulipoacha lami ya Ihumwa, kwenye ile mikunjo, gari likafa. Halikukohoa. Taa za dashibodi zikatoweka, usukani ukawa mzito, dereva akalisogeza pembeni kwa nguvu za mabega. Abiria wakaanza kulalamika, mtoto akalia. Na katikati ya kelele hizo nikasikia redio inaimba.

Sijui nikueleze vipi. Jua lilikuwa linawaka, mimi mwili ukapata baridi. Ilikuwa taarabu ya zamani, inaimba taratibu tu, ndani ya gari lililokufa. Mwongo asiyejua kutunga alikuwa ameniambia neno hili hili miezi kadhaa nyuma, nami nikacheka.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, mzee wa Chang'ombe, ambaye gereji yake ilikuwa mti mmoja na benchi moja. Nilimweleza kila kitu. Hakuligusa gari. Aliuliza kwanza maswali, na nitayaandika, kwa sababu naona ndani yake kuna elimu ambayo sikuipata darasani. Linazima ghafla au linakohoa? Gari linalokosa mafuta, alisema, hukohoa na kuvuta-vuta kabla ya kufa. Linalokosa umeme hufa mara moja. Taa zinabaki au zinapotea? Zikibaki, tafuta koili na mambo ya plagi. Zikipotea, tafuta huko nyuma, umeme unakoanzia. Redio je? Nilipomwambia redio inaimba, hakucheka. Alisema, "Basi betri nzima, na waya mkubwa mzima. Ukizungusha ufunguo, hatua ya kwanza ni redio, ya pili ni injini. Huyu anarudishwa kutoka ya pili hadi ya kwanza. Nani anamrudisha?"

Kisha akasema neno ambalo hakuna fundi aliyewahi kulisema: "Gari peke yake halinisaidii. Niletee dereva, aje kama anavyokuja kazini, asiache kitu."

Kijana akaja. Fundi akamwambia awashe. Gari likaunguruma. Fundi akatazama chini ya usukani, akatabasamu. Kwenye ufunguo wa gari ulining'inia mtungo mzima: funguo za chumba, kufuli la kibanda, kufuli la baiskeli, kopo dogo la kufungulia soda, na kipande cha shaba cha pambo. Fundi akauchukua mtungo ule kwa vidole viwili, akaubembeza kidogo, kama barabara ya Hombolo inavyoubembeza. Injini ikafa. Redio ikaendelea. Akachomoa ufunguo, akautoa kwenye mtungo, akauwasha ukiwa peke yake, akagonga-gonga, akatikisa. Injini haikujali.

Akafungua kifuniko cha usukani kwa bisibisi, akatutolea swichi ya kuwashia. Vile vishaba vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme vilikuwa vimeliwa na kuungua vikawa vyeusi, na springi imechoka. Ufunguo ukiwa peke yake, vinagusana vya kutosha. Ukining'inizwa uzito na barabara ikautikisa, vinaachana. Vikiachana vikiwa vya moto, vinaweza kukataa kushikana tena mpaka vipoe. Swichi ya mtumba ililetwa na basi kutoka Dar es Salaam. Bei yake haikufika hesabu ya siku moja.

Sasa rudi nyuma nami. Baba mdogo Jumapili aliendesha kwa ufunguo wa akiba, ukiwa peke yake. Kila fundi alikabidhiwa gari kwa ufunguo ule ule wa akiba. Na hata angepelekewa na dereva, nani humwachia fundi funguo za nyumba yake? Yule kijana miezi miwili ya kwanza hakuwa na nyumba wala kufuli. Na mimi, mchunguzi mwenye daftari, ufunguo ulilala kwangu, umetolewa kwenye mtungo kwa amri ya uchunguzi wenyewe. Siku sita nililisubiri gari lizimike, huku mfukoni mwangu nimeuondoa uzito uliokuwa ukilizima. Tulimwekea yule mtu ulinzi kwa sababu hatukumwamini, na ulinzi wenyewe ndio uliofuta ushahidi wake.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia kitanda kile siku sita, lakini nilikuwa nimekwisha kutandua shuka zake na kutandika zangu.

Ipo njia ya kufikiri ambayo mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliieleza katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843. Kwa ufupi: jambo likitokea mahali pamoja na lisitokee pengine, na hali zote za pande mbili zikifanana isipokuwa moja, hiyo moja ndiyo chanzo, au sehemu ya chanzo. Baba mdogo hakuwahi kumsoma Mill, lakini ndivyo alivyofikiri. Kwa dereva linazimika, kwangu halizimiki, kwa hiyo chanzo ni dereva. Na angalia, alikuwa sahihi! Chanzo kweli kilikuja na dereva kila asubuhi na kuondoka naye kila jioni. Kosa lake lilikuwa kwenye lile sharti la katikati, kwamba hali nyingine zote zifanane. Kati ya watu wawili tofauti ni nyingi: umri, uzito, mwendo, abiria, funguo. Katika tofauti zote hizo yeye aliichukua ile aliyokuwa nayo kichwani kabla ya kuanza kutafuta, nayo ni tabia. Mmoja ni mwaminifu, mwingine ni mwizi. Tajiri na mwajiriwa wakitofautiana, ni mara ngapi tunakumbuka kutazama funguo?

Usidhani haya ni mambo ya vumbi la Hombolo tu. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yake yapata milioni 2.6 ili yabadilishwe swichi ya kuwashia. Swichi zile zilikuwa legevu. Ufunguo wenye mzigo au mtikisiko wa barabara uliweza kuzirudisha nyuma gari likiwa kwenye mwendo. Injini inazimika, usukani na breki vinakuwa vizito, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva haifumuki. Walipokuwa wakisubiri matengenezo, wenye magari waliambiwa wauache ufunguo peke yake, bila kitu kingine chochote. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali vifo 124. Katika jimbo la Texas mwanamke mmoja alipata ajali mwaka 2004, na mchumba wake aliyekuwa naye garini akafariki. Ilionekana ni uzembe wake, na mwaka 2007 alikiri kosa mahakamani. Mwaka 2014, miaka 10 tangu ajali, mahakama ikamfutia hatia, kwa sababu gari lake lilikuwa moja ya yale yenye swichi ile. Kule kwa wenzetu kuna maabara, wahandisi na polisi wenye vipimo, na bado mtu alibebeshwa kosa la kipande cha chuma.

Najua utaniuliza: kwa hiyo tumwamini kila anayesema gari limezimika? Si tutaliwa mpaka mifupa? Hoja hii ina uzito, nami siikwepi. Wezi wapo, na neno "lilizimika" ni shuka lao wanalojifunika. Ila tazama alichofanya yule fundi wa Chang'ombe. Hakusema dereva ni mkweli. Hakusema ni mwongo. Aliyachukua maneno yake kama vile alivyoichukua swichi, akayageuza, akauliza: iwapo haya ni kweli, ni hitilafu gani ingeweza kuyaleta? Redio inaimba, kwa hiyo nini? Sisi tulilichukua neno la redio kama kipimo cha uongo, yeye akalichukua kama kipimo cha gari. Kumsikiliza mtu si sawa na kumwamini, na hakukugharimu hesabu ya hata siku moja. Kama baada ya kumsikiliza hivyo ungeona hakuna hitilafu yoyote duniani inayofanana na maneno yake, basi shuku. Lakini kumfukuza mtu kwa sababu maneno yake yanachekesha, hiyo haiwezi kuitwa hukumu.

Tena fikiri ni watu wangapi wanaishi na gari la namna hii. Mke anayesema mume wake akifunga mlango ni mtu mwingine, na majirani wanaomwona msibani akigawa chakula wanashangaa: mbona kwetu ni mpole? Mgonjwa ambaye homa yake hupanda usiku, akifika zahanati asubuhi kipimo kinasema hana kitu. Mwanafunzi anayeogopa mwalimu mmoja. Wote hawa wanatuletea habari za jambo linalotokea tukiwa hatupo, na sisi tunawajibu kwa habari za siku tulizokuwepo. Neno "kwangu halizimiki" linaweza kuwa kweli kabisa. Ni kweli kuhusu mimi. Kuhusu yeye halijasema lolote bado.

Na hapa narudi kwenye daftari langu, kwa sababu magazeti haya yanasomwa na vijana wanaotaka kuandika, na daftari ndiyo spana yetu. Kosa langu halikuwa kuandika "halikuzimika". Kosa langu lilikuwa kuweka nukta hapo. Nilipaswa kuandika: siku sita, mimi nikiwa siti ya mbele, ufunguo ukiwa umelala kwangu, halikuzimika. Maneno hayo machache yangemfanya mtu mwingine, mwenye akili kuliko mimi, aulize: na siku nyingine ufunguo hulala wapi, pamoja na nini? Shahidi anadaiwa kile alichokiona, na anadaiwa pia mahali aliposimama alipokiona. Mimi nililipa nusu ya deni, nikadai risiti kamili. Hivyo ndivyo kweli tupu ilivyomtoa mtu kazini.

Nilimtafuta dereva. Ilinichukua wiki kadhaa, nikamkuta Hombolo analinda shamba la zabibu la mtu. "Mbukwa," nikamsalimu, kisha shikamoo. Akaniitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza habari za swichi, funguo, fundi, vishaba vilivyoungua. Nikamwambia baba mdogo amesema anaweza kurudi. Nilitaka kumwambia na mengine, nikashindwa. Yeye alinisikiliza huku akitazama mizabibu. Akatoa mfukoni mtungo wake wa funguo, ule ule, akaupima mkononi. Kisha akauliza jambo moja tu:

"Na redio?"

"Ilikuwa inaimba, mzee. Niliisikia mwenyewe."

Alikaa kimya kwa muda. "Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia redio inaimba."

Kazini hakurudi. Alisema shambani panatosha. Baba mdogo hakwenda kumwona, alituma salamu na mimi, na nadhani mpaka alipouza gari lile aliamini kwamba jambo lote lilikuwa bahati mbaya ya swichi. Sikumlaumu, kwa kuwa hukumu aliyoitoa aliisoma kwenye mwandiko wangu.

Basi, msomaji, kila mmoja wetu amewahi kutumwa akaangalie: mtoto wa ndugu, kibarua wa shangazi, mke wa rafiki, mfanyakazi mwenzake. Akaenda, akatazama, akarudi na neno lake. Nami nakuuliza bila kujitoa mwenyewe: siku ile ulipotumwa, ulikaa siku ngapi? Na ufunguo alikuwa ameushika nani?